Jabari si Fahari Yetu

Imekuwa ada ya zama hizi, kila jina lenye harufu ya Kiafrika linapotangazwa katika uwanja wa mpira wa kikapu au katika senema ya Marekani, watu wetu wa mwambao na wa bara kusimama na kulidai, mfano wa mrithi anayesikia nasaba ya marehemu ikisomwa mbele ya kadhi akahofu kwamba fungu lake litamponyoka. Miongoni mwa majina hayo hakuna linalodaiwa kwa sauti kubwa kuliko Jabari. Huko Marekani limo katika hesabu ya majina ya wavulana tangu miaka ya 1970. Limechukuliwa na Jabari Parker, kijana wa Chicago aliyekuwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2014. Limechukuliwa na Jabari Smith, baba na mwana, wote wawili wachezaji wa mchezo huo huo. Na mwaka 2018 likapewa kabila zima la milimani katika senema ya Black Panther. Hapo furaha ya watu wetu ilipita kiasi, na kutokana na furaha hiyo ikapata nguvu rai ambayo makala haya yamekusudia kuibatilisha.

Insafu yataka rai ya mtu isemwe vizuri kabla ya kupingwa. Husemwa kwamba Jabari ni jina la kale la Waswahili, ambalo sisi wenyewe tumelitupa kwa kuwapenda mno akina Brayan na Ethan. Kwamba ndugu zetu weusi wa Marekani, walioporwa majina pamoja na uhuru, wameliokota na kulitukuza. Kwamba kuenea kwake huko ni ushahidi wa cheo cha Kiswahili duniani. Na kwamba, madhali mambo ni hayo, mzazi mwenye kujiheshimu wa Tanga, wa Mombasa au wa Bujumbura hana budi kumpa mwanawe jina hilo au mfano wake, ili mtoto apate jina adimu, la asili na la kishujaa, na umma urudishiwe heshima yake. Rai hii ina watetezi wenye elimu na wenye nia safi, tena sehemu yake moja ni kweli isiyopingika: Waafrika waliovushwa bahari ya Atlantiki walinyang'anywa majina, na mjukuu anayekataa kuitwa kwa jina la bwana wa babu yake anatenda haki. Sina neno na mjukuu huyo. Neno langu ni juu yetu sisi, tuliosimama kando ya haki ya wengine na kujitwalia sifa yake.

Kwanza: juu ya ukale wa jina

Yeyote aliyekulia mwambao anayajua majina ya wanaume waliomzunguka: Juma, Hamisi, Athumani, Bakari, Omari, Makame, Kombo, Haji, Faki, Shomari. Jabari si wa safu hiyo. Hutokea, naam, lakini hutokea kwa nadra, na aghalabu likiwa sehemu ya jina refu zaidi, Abduljabari, kwa kuwa katika dini ya watu wa mwambao Jabari ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu, na kiumbe huitwa mja wa Mwenye jina, haitwi kwa jina lenyewe. Uadimu wake, basi, ulitokana na adabu ya wazee, na mwenye kuuita usahaulifu amewasingizia watu waliokwisha kulala makaburini, wasioweza kujibu.

Lakini kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba ada ya kutoa jina ilikuwa ada ya kuchagua neno zuri. Mtoto aliyezaliwa siku ya Ijumaa aliitwa Juma, na wa mwezi wa Rajabu aliitwa Rajabu; pacha wa mwambao walikuwa Hasani na Huseni, na wa Usukuma na Unyamwezi wakawa Kulwa na Doto; aliyekuja wakati wa dhiki alibeba dhiki hiyo hadi uzeeni kwa jina la Mashaka au Tabu. Mwana wa kwanza wa Mkikuyu huchukua jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Mjaluo aliyezaliwa usiku ni Otieno, na wa wakati wa mvua ni Okoth. Mtoto mmoja aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, siku ambayo mvua ilikuwa ikinyesha, alipewa jina la mzimu wa mvua, Kambarage, na ulimwengu ulipokuja kumjua kwa jina la Nyerere jina lile la mvua lilikuwa bado lipo katikati ya majina yake. Katika mifano yote hiyo hakuna mzazi aliyekaa akapima utamu wa sauti. Jina lilitoka kwa siku, kwa mvua, kwa msiba au kwa marehemu, na kazi ya mzazi ilikuwa kulipokea. Anayeketi leo na orodha ndefu, akachagua Jabari kwa sababu linasikika kishujaa, anatenda jambo la halali kabisa. Asichoweza kufanya ni kuliita jambo hilo ada ya mababu, kwa maana mababu hawakulitenda.

Pili: juu ya uadimu

Watetezi wa rai hii husema, bila ya kutahayari, kwamba jina ni adimu na kwamba limeenea. Mambo mawili hayo hayakai nyumba moja. Jina linalopendwa kwa uadimu wake huupoteza uadimu huo kwa kadiri linavyopendwa, na mzazi aliyelitafuta ili mwanawe asifanane na mtu humpeleka mtoto shuleni akamkuta wa jina lake amemtangulia. Huyo Brayan, anayechekwa leo kila barazani, naye siku ya kwanza alipoingia alikuwa adimu, na aliyemleta aliona fahari ile ile anayoiona sasa mleta Jabari. Tofauti yao ni ya miaka tu.

Tena tutazame njia ambayo majina haya yalipitia. Katika miaka ya 1970 vilichapwa Marekani vitabu vya kuwasaidia wazazi weusi kuchagua majina, kimojawapo kikiwa Names from Africa cha Ogonna Chuks-orji, kilichotoka Chicago mwaka 1972. Katika vitabu vya namna hiyo jina hupewa mstari wake na maana yake, na mstari huo ndio desturi yote iliyosafiri. Msiba wake unaonekana kwa Kwame. Kwa Waakan wa Ghana, Kwame ni mwanamume aliyezaliwa Jumamosi, kama Kofi alivyo wa Ijumaa, hata Nkrumah, aliyejulikana ujanani kwa jina la Francis, alipojiita Kwame alikuwa akirudi kwenye siku yake. Lakini ndani ya orodha Kwame ni jina zuri la mvulana, basi, na hupewa hata mtoto wa Jumanne. Hakuna dhambi ndani yake, wala hakuna ufufuo: sauti imevuka bahari, na ada iliyoizaa sauti hiyo imebaki Kumasi. Kama hali ndiyo hiyo kwa Kwame, ambaye nyumbani kwake ni maarufu na kanuni yake inajulikana na kila mtoto, seuze Jabari, ambaye nyumbani hakuwa na kanuni wala umaarufu?

Tatu: juu ya cheo cha Kiswahili

Tunaambiwa kwamba Jabari akitangazwa uwanjani Kiswahili kimetangazwa. Lakini tutazame kwanza namna kilivyofika huko. Mmarekani mweusi Maulana Karenga alipoasisi sikukuu ya Kwanzaa huko California mwaka 1966, alizipa nguzo zake saba majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Aliichagua lugha hii kwa kuwa haikuwa milki ya kabila moja, ilhali sehemu kubwa mno ya wahenga wa watu wake walitoka Afrika Magharibi na pwani ya Kongo na Angola, ambako Kiswahili hakikuwa lugha ya mtu. Uchaguzi huo ulikuwa wa siasa, na walioufanya hawakuuficha. Sisi ndio tuliougeuza ukawa wa nasaba, tukajiandika kuwa mababu wa watu ambao mababu zao wanajulikana kuwa wengine.

Ama ile senema ya mwaka 2018, iliyowatia watu wetu wazimu wa furaha, itazamwe kwa utulivu. Lugha wanayosemeshana watu wa Wakanda, nchi ya kubuniwa ya senema hiyo, ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Hao Jabari wa mlimani, ambao chifu wao M'Baku aliigizwa na Winston Duke, mzaliwa wa Tobago, humtukuza mungu wa masokwe, na mgeni anapothubutu kusema mbele yao humnyamazisha kwa kubweka kama sokwe. Jina ambalo wazee wetu waliona haya kumpa mtoto peke yake kwa kuwa ni la Mola limepewa waabudu sokwe, na watu wetu, ambao wangemtoa msikitini kwa fimbo mwalimu wa chuo aliyethubutu nusu ya hayo, walipiga makofi na kusema kwamba Kiswahili kimefika mbali. Watunzi wa senema hawana lawama, maana hawakudai kuwasimulia Waswahili. Dai hilo lilikuwa letu.

Mwenye kutaka kupima cheo cha lugha asihesabu fulana za wachezaji. Ahesabu vitabu vinavyochapwa na kununuliwa, ahesabu hukumu zinazoandikwa, ahesabu masomo yanayofundishwa kwa lugha hiyo. Naye akifika hapo atakuta kwamba katika Tanzania yenyewe, ambayo hujiita kitovu cha Kiswahili, mwanafunzi wa sekondari bado anafundishwa fizikia na hesabu kwa Kiingereza. Umma usiothubutu kumweleza mwanawe mwendo wa umeme kwa lugha yake, kisha ukajisifu kwa jina la mchezaji wa Chicago, umefurahia jambo dogo ili usiulizwe jambo kubwa.

Nne: juu ya uhuru

Hapa ndipo rai hii inapoanguka kifudifudi. Tunaambiwa kwamba jina la Kiswahili ni jina la uhuru, kwa kuwa mjukuu wa mtumwa wa Virginia alilivaa siku aliyolivua jina la bwana. Lakini katika karne hiyo hiyo ambayo bwana wa Virginia alikuwa akiwaita watumwa wake apendavyo, mabwana wa Unguja, Pemba, Malindi na Pangani walikuwa wakitenda hivyo hivyo, nao hawakutumia Kiingereza. Myao au Mnyasa aliyeletwa pwani na jina alilopewa na mama yake aliishia kuitwa Mabruki, Farjala, Uledi, Feruzi, Almasi au Marjani: majina ya baraka, ya faraja na ya vito, yaliyopendeza masikioni mwa mnunuzi kama Jabari linavyopendeza leo masikioni mwa mpenda asili.

Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza barani wapelelezi wa Kizungu akina Burton, Speke, Stanley na Cameron, na ambaye pasipo yeye na wenziwe vitabu vya mabwana hao visingeandikwa, alikuwa mtoto wa Kiyao aliyetekwa, akabadilishwa kwa nguo, akapelekwa India. Katika jina lake lote, tangu mwanzo wake hadi mwisho wake, ambao ni jina la mji aliopelekwa, hakuna herufi moja ya Uyaoni. Farjala, aliyekuwa mtumishi wa daktari mmoja huko Unguja, ndiye aliyetumia ujuzi aliouona kwa bwana wake kuupasua mwili wa mmisionari Livingstone mwaka 1873, kule kwa chifu Chitambo, ili ukaushwe na kuchukuliwa hadi pwani. Jina lake linajulikana kwa kazi hiyo, na ukoo wake haujulikani kwa lolote. Na yule mwimbaji aliyekitia Kiswahili katika santuri, Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja mnamo mwaka 1880, hakuzaliwa Siti: jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Shaaban Robert ameandika wasifu wake, na kitabu hicho kimesomwa na vizazi viwili vya wanafunzi. Bado watu wetu wanaweza kusema juu ya majina ya uhuru bila ya kukumbuka kwamba sauti iliyowaburudisha babu zao ilikuwa ya mwanamke aliyeitwa Mtumwa.

Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na katika Tanganyika mwaka 1922. Mwaka huo wa mwisho ni mwaka aliozaliwa Kambarage tuliyemtaja. Hazikuwa, basi, zama za Nuhu. Wajukuu wa watumwa hao wamo mitaani mwetu, misikitini mwetu na katika koo zetu, na wengi wao, kwa sababu isiyohitaji kuelezwa, hawampi mtoto jina la Farjala. Nasi tukiandika orodha za majina ya asili ya Kiswahili twaandika ya mashujaa, ya wafalme na ya mamwinyi, tukaacha ya watu walioubeba mwambao mabegani. Tumejitangaza kuwa wagawaji wa majina ya uhuru kwa wajukuu wa watumwa wa ng'ambo, na hatujaketi hata mara moja kuwauliza wajukuu wa watumwa wa nyumbani walipewa na sisi majina gani. Mmarekani mweusi akijua habari hii atakuwa na haki ya kutuuliza swali zito: je, mlipokuwa mkinipa Jabari, yule Myao mlimpa nini?

Tano: juu ya gharama

Jina hulipiwa na aliyepewa. Wachumi wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, waliwapelekea waajiri wa Chicago na Boston takriban maombi 5,000 ya kazi, ya waombaji wasiokuwapo duniani, sifa zao zikiwa zimelinganishwa na majina yao tu yakiwa mbalimbali, wakachapisha waliyoyaona mwaka 2004. Mahali ambapo waombaji kumi wenye majina ya watu weusi waliitwa, wenye majina ya Kizungu waliitwa kumi na watano. Miongoni mwa majina waliyopewa hao walioitwa kwa uchache yalikuwamo Jamal, Hakim, Kareem na Rasheed, yaani Jamali, Hakimu, Karimu na Rashidi, majina ambayo mwambao huitika ukiyaita mtaani.

Dhuluma hiyo ni ya mwajiri, wala hapana mwenye akili atakayemlaumu mzazi. Lakini mzazi wa Chicago ampaye mwanawe jina la namna hiyo anaijua bei yake, naye amekubali kuilipa kwa sababu aliyoipima. Sisi tumelipa nini? Mtoto wa Tanga aitwaye Jabari hanyimwi kazi kwa jina lake, wala hatakiwi ushujaa wowote ili kulibeba. Sifa tumeipokea hapa, na gharama imekatwa katika mshahara wa mtu wa huko. Kama kuna unafiki ulio mtulivu kuliko huu sijausikia.

Sita: juu ya kudhani kwamba jina hurudisha heshima ya umma

Hoja hii haikungoja majaribio ya Marekani. Imejaribiwa jirani, mbele ya macho ya mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliibadilisha Kongo jina ikawa Zaire, na mwaka uliofuata raia wakaamriwa kuyaacha majina yao ya Kikristo na kutwaa ya asili, na padri ambaye angembatiza mtoto kwa jina la Kizungu akatishiwa kifungo. Kadinali Malula, aliyesimama kupinga, alilazimika kuondoka nchini kwenda Roma. Rais mwenyewe, aliyebatizwa Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Watu wa Lubumbashi, Bukavu na Kisangani walitii, wakaandikwa upya katika vyeti. Jina la Rais likarefuka na hazina ya nchi ikafupika. Barabara zikaota majani, walimu wakakaa bila ya mishahara. Na amri ilipolegea katika mwaka 1990, Jean na Marie wakarudi kama watu waliokuwa wamejificha nyuma ya mlango.

Watetezi watajibu kwamba Mobutu aliamrisha na wao wanashauri tu. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa kwa anayeamrishwa. Lakini mantiki yao ni ile ile, nayo ni kwamba heshima iliyopotea kwa kutawaliwa, kwa kuuzwa na kwa kudhulumiwa hurudi mtu akibadilishiwa anavyoitwa. Isingalikuwa batili, Zaire ingalikuwa pepo.

Hukumu

Jabari ni jina la watoto wa Marekani. Wao wamelichagua, wao wamelipa maana mpya, na wao wanaligharimia. Waachiwe walitumie watakavyo bila ya wasimamizi kutoka mwambao. Sisi hatuna haki ya fahari juu yake, na tuna deni ambalo fahari hiyo imelifunika.

Nawe msomaji, kama unangoja mtoto wa kiume na moyo wako unataka jina la asili, usifungue orodha. Nenda kwa mzee wa ukoo wako aliyebaki, umwombe akuhesabie majina ya waliokutangulia, wanaume kwa wanawake, uyaandike yote; na yakitokea humo ya Mabruki, ya Farjala au ya Mtumwa, uyaandike kama yalivyo, usiruke hata moja, maana hao nao walikuwa watu wako. Kisha mpe mwanao jina la mtu ambaye utaweza kumweleza alikuwa nani na alitenda nini. Usipompata, mwite Juma.